Sailensa ya Baba

Gari la baba lilikuwa dogo, la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, zee kuliko mimi, na lilinuka dagaa hata likioshwa kwa sabuni. Bomba lake la moshi lilikuwa limeoza kuanzia katikati kwenda nyuma. Likipita mitaa ya Ujiji mbwa walibweka, na majirani walimtania baba kwamba anaendesha mashine ya kusaga. Sisi nyumbani hatukucheka. Kwetu ule mngurumo ulikuwa rehema.

Tuliusikia tangu pale lami inapoishia, na hapo hapo mama aliinuka. Mchi ulisukumwa uvunguni, kisu kikafichwa chini ya gunia la muhogo, wadogo zangu wakatolewa kwa mlango wa uani kwenda kwa jirani, mwanamke wa Kirundi ambaye hakuwahi kuuliza kitu. Chai ikabandikwa. Baba alipozima gari, alikuta nyumba haina cha kushika. Mikono alikuwa nayo, lakini mikono huchoka. Mchi hauchoki. Mchi ndio uliomvunja mama mkono, siku ambayo gari lilikuwa bovu na baba akarudi kwa miguu, kimya, akatukuta tunatwanga.

Mtu asinieleze habari za hasira zinazokuja na kupita. Baba alikuwa mkatili, na nilimchukia. Alizidisha siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi hukaa mikavu pale Katonga, na yeye hakuwa na cha kununua wala cha kuuza. Mama aliwahi kukimbilia kwao Kasulu. Wakamrudisha na methali: mvumilivu hula mbivu. Mbivu zenyewe zilikuwa makofi.

Basi trafiki mmoja akamsimamisha baba, akamwambia mbele ya abiria wa bodaboda kwamba akimwona tena na ule mtutumo atalizuia gari. Baba alirudi na ile aibu, akaimalizia kwetu. Mimi nilipata mkanda wa shingoni. Asubuhi yake akanichukua, shule zilikuwa zimefungwa, tukaenda gereji moja ya Kasingirima kwa fundi mwenye asili ya Kongo, mtu mnene wa sauti ndogo.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mama." Kwao hata binti huitwa mama.

Baba hakusalimia. "Nataka inyamaze," akasema. "Nisisikie hata pumzi." Kisha akanigeukia. "Wewe kaa hapa, usimwondolee jicho. Hawa hubadilisha vifaa vya watu." Akaenda zake kunywa kahawa.

Kazi yenyewe ilikuwa vita. Gari lilipandishwa kwa jeki, likaegemezwa kwenye magogo, fundi akalala chali chini yake juu ya boksi lililokunjuliwa. Nati za kiungio zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka hazikuwa na pembe. Alizimwagia dizeli, akasubiri, akatia spana. Spana ikateleza, ngozi ya vidole vyake ikabaki kwenye chuma. Akachukua tindo na nyundo. Kila pigo gari zima lilishtuka, na mimi nikashtuka nalo. Alipiga, akatukana kwa Kibembe, akapiga tena. Mpira mmoja unaoshikilia bomba ukakatika, bomba likaning'inia likicheza huku na huku. Nilikuwa nimeshaona mkono ukining'inia hivyo. Mwishowe akawasha grainda, cheche zikaruka mpaka miguuni kwangu, na lile bomba lililooza likaanguka likamwaga masizi kifuani pake. Akalipiga teke likaenda kugonga ukuta.

Nikaanza kulia. Nililia kwa hasira, machozi mazito, na sikuweza kujizuia.

Fundi akajivuta kutoka uvunguni. "Sasa unalia nini, mama? Si gari ndiyo ilikuwa inalia?"

"Fundi," nikasema, "hii ikinyamaza, atalia mama yangu."

Fundi alinitazama shingoni, kwenye alama ya mkanda, akafuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sailensa aliyoipata ilikuwa imetoka kwenye gari jingine, bado ngumu, ila mshono wake mmoja ulikuwa umefunguka na ilibidi auchomelee. Aliinyanyua, akachungulia ndani. Kisha akaokota chini moja ya zile nati zilizoliwa, akaidondosha kwenye ule ufa. Akaitikisa sailensa karibu na sikio langu. Kwaru, kwaru. Akauchomelea mshono, akausugua, akaupaka rangi ya fedha.

"Baba yako alisema hataki pumzi," akasema. "Hii si pumzi. Hii iko kikohozi. Na akikuuliza, mi sikubadilisha kitu. Niliongeza tu."

Tuliporudi, baba alikuwa na furaha, anapiga mluzi. Kwenye lami gari lilikwenda kimya kama paka. Nilikaa nimeng'ata meno nikimlaani fundi kwa kunidanganya. Ndipo lami ikaisha, gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye korongo, na nati ikaamka. Mluzi wa baba ukakatika. Jioni ile hakupiga mtu, na mimi nilimnong'oneza mama tukiwa jikoni kwamba kuanzia sasa asikilizie mchakacho.

Baba aliutafuta ule mchakacho kama anayetafuta mwizi. Aliingia chini ya gari, akaitikisa sailensa, akaigonga kwa nyundo mpaka ikabonyea. Mwishowe alirudi gereji nami nikiwa kiti cha nyuma, akamkwida fundi ukosi mbele ya watu.

"Umeniwekea nini humu?"

"Gari ya zamani, mzee, haikosi kukohoa."

Baba akampiga kofi lililompasua mdomo. Fundi akatema damu mavumbini, akanitupia jicho mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kama nilivyompenda yeye siku ile.

Baba amekufa kwa presha, kitandani, kama mtu mwema. Gari lilikaa miaka kwa baba mdogo, likiota majani. Mwaka huu nimelifufua: betri, breki, matairi. Sailensa sikuigusa. Wanangu walikuwa Ujiji kwa bibi yao, nikaona nimshtukize mama, nikaondoka asubuhi bila kupiga simu. Lami ilipoisha, nati ikaamka. Kwaru, kwaru. Nilicheka peke yangu garini, nikijiona nimebeba zawadi.

Nikazima gari. Uani hapakuwa na mtu. Kinu kilikuwa na mahindi nusu, mchi haupo. Chai ilikuwa imebandikwa. Mama alisimama mlangoni ameshika khanga shingoni kwa mikono miwili, ule uliovunjika umepinda kama kawaida yake.

"Mama, wanangu wako wapi?"

Akanitazama. Akalitazama gari, akanitazama tena. Kisha akageukia ua wa jirani, akaita kwa sauti iliyokwaruza:

"Warudishe watoto. Si yeye."