Chui wa Duka la Magodoro

Jina la Mkurugenzi alijipa mwenyewe. Maishani hakuwahi kuongoza kitu zaidi ya kamera ya kuazima na kompyuta yenye feni inayonguruma kama mashine ya kusaga. Alipiga video za harusi na mahafali, akazihariri chumbani, na kila moja aliibandika nembo yake katikati, kubwa kama sahani, eti wezi wasimwibie kazi. Kazi ya kuibiwa yenyewe haikuwepo.

Dada wa mkewe alikuwa na duka la magodoro. Alipohamia jengo jipya, akataka tangazo la video lionyeshwe kwenye skrini kubwa mbele ya duka siku ya uzinduzi. Nembo ya duka ilikuwa chui aliyelala, kazi safi ya mchoraji wa mabango.

"Mpe mume wangu, dada," mke wa Mkurugenzi alimbembeleza. "Mbona unataka kumpa mtu baki?"

Dada akakubali kwa shingo upande.

Mchoraji akatuma faili la asili, lile ambalo hata ukilikuza lijaze ukuta mzima, mistari yake haivunjiki. Mkurugenzi akalibofya, likagoma kufunguka. Mwenye akili zake angeuliza. Yeye kuuliza aliona ni kujishusha. Akafungua simu, akaikuta picha ya wasifu ya shemeji yake, kichui cha ukubwa wa ukucha, akaipiga picha ya skrini, kisha akaivuta, akaivuta, mpaka ikatosha. Chui akaota kingo za ngazi ngazi, na nyuma yake likabaki pande jeupe kama kiraka kwenye suruali.

Mkewe alipita na beseni la nguo, akasimama.

"Mbona kama ana ukungu?"

"Ni hii kompyuta tu. Kwenye skrini kubwa atanyooka."

"Akikuzwa si ndiyo atazidi?"

"Wewe umejua video tangu lini?"

Siku ya uzinduzi, mbele ya wateja na wageni wa heshima, likatokea bonge la manjano linalotetemeka ndani ya kisanduku cheupe.

"Huyo mnyama gani?" mzee mmoja akauliza.

"Nadhani ni sponji," akajibiwa. "Si wanauza magodoro?"

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi akasema skrini ni mbovu. Fundi wa skrini akaweka tangazo lingine, la kampuni ya rangi. Herufi zake zilikuwa kali kama wembe. Basi Mkurugenzi akahamia kwenye umeme. Ulipomshinda umeme, akamgeukia mwenye duka.

"Shemeji, huu ndio mtindo wa sasa. Unaitwa ndoto."

"Shemeji, zima."

"Subiri mwisho, kuna sehemu—"

"Nimesema zima!"

Kazi akapewa mtu mwingine. Siku hizi chui yule anaonekana hadi sharubu.

Aibu yote aliibeba mke. Alikaa muda mrefu bila kukanyaga kwa dada yake. Mume haikumgusa hata kidogo. Anashinda kwa kinyozi akiwaeleza watu kwamba ndugu ni wateja wabaya, hawaelewi sanaa, na sasa ametangaza kwamba anafundisha uhariri. Wapo waliojiandikisha.

Juzi, saluni anakofanya kazi mkewe, mteja alimuuliza, "Mumeo si ndiye yule wa video?"

"Video gani?" akajibu, akaendelea kusuka.