Siku Nilipomuulizia Mgonjwa

Watu huaibika kwa mambo yanayoeleweka, mmoja kadondoka mbele ya wakwe, mwingine kalewa harusini, lakini mimi niliumbuka kwa kusalimia, tena salamu nzuri ya heshima, na mpaka leo nikikumbuka nilivyosimama pale barazani mdomo wazi natamani ingekuwa habari ya mtu mwingine.

Nilikuwa karani wa posta hapa Tabora, enzi za Mwingereza, miaka ile watu walipoanza kuzungumzia kujitawala kwa sauti ya chini. Nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe (mama alikuwa akinionyesha kwa wenzake tukitoka kanisani, eti yule ndiye wangu), nami nilijiona mtu kweli kweli. Siku moja akaja bwana mmoja Mzungu, hakusema ni wa ofisi gani, akanipa karatasi yenye majina sita, akaniambia barua za watu hao zifunguliwe kwa mvuke wa birika, zinakiliwe, zifungwe tena, na zisitoke dirishani mpaka yeye mwenyewe amesoma nakala. Hakunitisha. Ningeweza kusema kazi hiyo siiwezi. Nilisema ndiyo bwana kwa sababu aliniita kwa jina langu na kunipa mkono, basi, ni hilo tu.

Jina la tatu lilikuwa la Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, aliyenishonea hiyo hiyo kaptula. Kosa lake ni kwamba baraza lake lilikuwa na kivuli na kahawa nzuri, kwa hiyo watu wa chama cha kudai uhuru walipenda kukaa pale. Barua zake hazikuwa na siasa hata chembe. Nyingi zilitoka Ujiji, kwa binti yake Zainabu aliyeolewa huko, ambako ukoo wao una ndugu tangu babu zao walipokuwa wakipita na misafara, nami nilinakili kwa mwandiko safi habari za dagaa, za mawese, za kanzu iliyombana mume. Ajabu ni kwamba nilianza kuwapenda. Nilijua Zainabu ana mimba kabla ya shangazi zake, na barua yake ikichelewa nilikuwa nasononeka kana kwamba ameniandikia mimi (chekeni tu, hata mimi ningecheka).

Jumatatu moja ikaja barua iliyoandikwa na mumewe. Zainabu amejifungua mtoto wa kiume, lakini homa haimwachi, kila saa anamwita baba yake, tafadhali baba aje kwa treni ya kwanza. Niliinakili, nikaifunga, nikaitia kwenye droo, kwa sababu yule Bwana Mzungu alikuwa amesafiri kwenda Nzega na amri ilikuwa amri. Treni ya kwenda Kigoma ilipita Jumatano, na nyingine ni mpaka Jumamosi. Hiyo Jumatano niliisikia ikipiga honi na kuondoka kuelekea Kaliua, nikajiambia Bwana atarudi kesho, nikaendelea kugonga mihuri. Hapo ndipo penye aibu yenyewe, hayo mengine yalikuwa ni watu kuiona tu.

Ijumaa baada ya swala nilikuwa narudi nyumbani kula, nikapita mbele ya baraza la Mzee, limejaa. Nanyi mnajua salamu za huku kwetu haziishi upesi, kuna shikamoo na marahaba, kuna habari za tangu juzi, nyumbani, watoto, kazi, mvua, na mwenye mgonjwa ni lazima aulizwe mgonjwa wake, usipomuulizia umeonekana huna utu. Ulimi wangu ukaenda wenyewe, kwa adabu ile ile niliyofunzwa na mama.

"Na mgonjwa anaendeleaje, Mzee?"

Mzee Ramadhani alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mgonjwa gani, mwanangu?"

Ningekiri hapo hapo ningekuwa nimekosa mara moja. Badala yake nikasema Zainabu, nimesikia kwa mtu wa treni. Mtu mmoja aliyefanya kazi stesheni akasema treni kutoka Kigoma haijaingia tangu Jumatatu, na Jumatatu yeye mwenyewe aliniona nimekaa dirishani kutwa. Kwa kutaka kumtuliza Mzee nikaongeza kwamba asiwe na wasiwasi, mtoto ni mzima, wa kiume, ananyonya vizuri. Mmoja akaweka chini kikombe chake, na nilivyomwona nikajua anakumbuka barua zote alizowahi kuandika maishani.

"Iko wapi?" Mzee akauliza.

Tukaenda. Mimi mbele na funguo mkononi, wao nyuma, watu tisa, tukapita katikati ya soko, na kila aliyeuliza kuna nini aliambiwa. Niliitoa barua kwenye droo. Mzee hakuifungua kwanza, aliigeuza, akapitisha kidole pale karatasi ilipokunjamana kwa mvuke, kisha akasoma muhuri wa kuingia Tabora nyuma yake.

"Jumatatu," akasema, akatoka.

Aliondoka na treni ya Jumamosi. Zainabu alikuwa amefariki Ijumaa jioni. Ile ya Jumatano ingemfikisha wakati bado ana sauti ya kumwita.

Bwana aliporudi alinifokea sana, kwa sababu ya mdomo wangu, si kwa sababu ya barua. Nami niliendelea kukaa dirishani, kwa woga tu, nikijua kila mtu aliyesimama mbele yangu anajua. Wiki ya tatu akaja Mzee Ramadhani, akapanga foleni kama wengine, akanisukumia bahasha iliyo wazi.

"Sijaifunga. Nimekupunguzia kazi."

Nikataka kuilamba haraka niifunge. Akaweka mkono juu yake.

"Soma kwanza. Kwa sauti, na hawa wasikie."

Nikasoma. Ilikuwa ya kwenda Ujiji kwa mkwe wake, fupi, anamshukuru kwa kumzika Zainabu vizuri, na mwishoni imeandikwa hivi: mtoto akikua mwambie babu yake alikuja, ila barua ilikawia njiani. Nilipofika pale kwenye njiani, nikalia mbele za watu na kaptula yangu nyeupe. Mzee alingoja mpaka nikaifunga.

"Ahsante, karani," akasema. Miaka yote alikuwa akiniita mwanangu.

Kuanzia kesho yake mji ukaniletea barua zilizo wazi, Waislamu, Wakristo, hata masista wawili, na kila mmoja alisimama akinitazama nikilamba gundi. Nilivumilia wiki moja, nikaacha kazi, nikaenda kijijini Lusu kulima karanga.

Nimeoa, nina watoto wakubwa. Barua aliyoandikiwa mke wangu ikija naiweka mezani na kutoka nje, naye hucheka, hunifuata hadi shambani anisomee. Na nikisalimiana na mtu nauliza nyumbani hawajambo, halafu nanyamaza, nangoja aniambie mwenyewe.