Muuguzi hajanigusa goti, mimi nalia

Leo nimelia mbele ya muuguzi kabla hata hajanigusa goti.

Jamani, aibu!

Nilikwenda kupimwa magoti hapa Igoma, yananisumbua tangu masika. Yule binti akaniuliza nakula nini. Kisha akasema, "Mama, siwezi kukuahidi utapona, ila usiache karanga na mboga za majani. Karanga zina vitamini E."

Basi machozi hayo!

"He! Mama, mbona hata sijakugusa?"

Hakujua amenikumbusha mama.

Miaka ya tisini, maduka ya mjini yalipojaa vitu vya nje, marehemu mama alikuja kukaa kwangu Pasiansi, magoti yamemvimba. Kila siku alitwanga karanga, akaungia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Mwenye duka mmoja akaniuzia chupa ya vidonge vya vitamini E, eti ndiyo dawa ya viungo. Nikaona chakula cha mama ni ushamba. Kinu chake nikampa jirani.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Haya mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo ya mjini."

Akameza vidonge mpaka anafariki. Nsansa hakuionja tena.

Leo nimenunua karanga njiani. Nimetwanga, nimepika nsansa, sasa nimekaa naitazama sufuria.

Wenzangu mlio na mama, muulizeni leo anatamani kula nini. Mpikieni. Halafu njooni hapa mniambie alisema nini.