Paa lililojaribiwa kwa upepo uliotulia

Juzi nilikwenda ofisi ya mkandarasi aliyejenga shule ya mwanangu hapa Dodoma, nimembeba mtoto mwenyewe, maana bati za darasa lao la chekechea zinanyanyuka kila upepo ukivuma na mimi silali kwa hofu. Mhandisi wao akatabasamu. “Mama, mfano mdogo wa paa hilo tuliujaribu kwenye handaki lenye mafeni ya kuvumisha upepo, ukasimama imara.”

Nikamuuliza, upepo wa humo unavuma kwa kushtukiza na kuzunguka kama wetu?

Akapitisha kiganja hewani taratibu, kama anayepangusa meza. “Ule ulitulia. Kuuvuruga kunahitaji kupanga vizuizi mbele ya mafeni, tukaona ni usumbufu.”

Usumbufu! Nikamkalisha mtoto mezani kwake. “Basi kaka, Jumatatu ukakae naye chini ya bati hizo.”

Akatazama dirishani, vumbi linazunguka. “Jumatatu nina safari.”

Watoto wetu hawana safari, jamani. Watakuwa darasani.