Tundu la Mfasiri wa Filamu

Ildephonse aliua watu wengi kwa mdomo wake. Kila Jumapili baada ya misa, kwenye banda la video pale Nengo, mjini Gisenyi, alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akawanyonga wake za watu, akawasukuma matajiri kutoka ghorofani, nasi tuliojaa kwenye mabenchi tukashangilia. Filamu zilikuwa za Kifaransa au Kiingereza, nyingi za zamani, zisizo na rangi. Yeye ndiye aliyezitia maneno, Kinyarwanda na Kiswahili cha mpakani vikichanganyika, sauti ya kiume na ya kike zikitoka koo moja. Mayowe ya mwanamke ndiyo yaliyompa jina mjini. Aliyapiga vizuri mno, hata mimi niliyekaa mlangoni kupokea tiketi nilijikuta nimejishika shingo. Mimi ni Kayitesi, niliyerudi kutoka ukimbizini Karagwe na mizigo miwili na ulimi mkali.

Ulikuwa mwaka 1999. Nilimuuliza siku moja kwa nini watu wa Gisenyi, kwa yote waliyoyaona kwa macho yao, wanakuja tena kutazama watu wakiuawa. Akanijibu, "Hapa ni bengine banakufa, we unarudi kwako." Nilimchukia kidogo kwa jibu hilo, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Aliwahi kufundisha shule ya msingi. Alikuwa mwembamba, hana mke, mpole kiasi cha kuudhi. Akinunua kuku, aliniletea mimi nimchinjie. Kazini alikuwa na desturi moja ambayo watu waliipenda kuliko filamu yenyewe: kila mtu wa kwenye kioo alimhamishia kwetu. Polisi wa Ulaya akawa askari wa Petite Barrière, kivuko chetu cha mpakani kwenda Goma, tajiri akapewa kitambi cha mfanyabiashara fulani wa sokoni, na waliojitambua walicheka kuliko wote.

Nyuma ya televisheni kulikuwa na chumba cha mbao alicholala. Ubao mmoja ulikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba, na tundu hilo lilitazama ua wa Twagirimana, mpasua mbao, na mkewe Murekatete, mama wa mtoto mmoja, aliyekuwa akivusha viazi kwenda Goma. Mwezi wa pili nilimfumania Ildephonse amebandika jicho pale. Nikamvuta shati, nikitaka kumtukana.

"Anamupiga," akasema.

Nikatazama na mimi. Twagirimana alikuwa amemkalia mkewe mgongoni, anamzamisha uso kwenye beseni la maji ya vyombo, anamwachia avute pumzi, anamzamisha tena. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayefua. Mwanamke hakutoa hata sauti ya kukohoa.

"Twende kwa mkuu wa kata," nikasema.

"Atauliza tuliona wapi. Mwalimu muzima, nachungulia bibi ya mutu?"

Aibu ikatufunga midomo. Niseme wazi, nisijifanye msafi: nilitazama, nikaona, nikarudi mlangoni kwangu kupokea tiketi.

Yeye aliendelea kutazama. Kwa miezi minne aliniletea habari za ua ule kama anayesimulia filamu: leo mkanda, leo mateke, leo nywele zimeshikwa mlangoni. Kisha habari zikabadilika. Murekatete alikuwa ameanza kuficha vitu chini ya gunia lake la viazi. Vilitoka kimoja kimoja kila siku ya biashara: viatu vya mtoto, kitenge, ndoo ndogo. Mwisho mtoto mwenyewe akapelekwa Goma kwa dada wa mama yake, eti kusalimia, na Ildephonse alimsikia mama akimnong'oneza kwamba Jumatatu atamfuata.

"Anaondoka, Kayitesi," Ildephonse aliniambia, macho yakimng'aa. "Lundi anavuka na harudie." Ungedhani ni yeye aliyempangia safari. Nami nilifurahi, nilifurahi sana, nikaomba Mungu Jumatatu ifike.

Jumapili ikatangulia. Filamu ya siku ile ilikuwa ya fundi saa anayechungulia nyumba ya ng'ambo, ambako mume mkatili anaishi na mke anayetaka kutoroka. Ildephonse alikuwa pia na kitabu ilikotoka hadithi hiyo, kikuukuu, hakina jalada, na alikuwa amekisoma mara tatu.

"Kwa kitabu, fundi havuke barabara," alinieleza. "Anaangalia mupaka muke anakufa. Kwa filamu anavuka."

"Ipi nzuri?"

"Kitabu," akasema. Jibu hilo lilinikera siku nzima.

Twagirimana hakuwahi kuingia bandani. Siku ile aliingia, akaniachia tiketi, akakaa benchi la pili. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na Ildephonse alikuwa ameelekea kioo, hakumwona. Ningeweza kwenda kumnong'oneza. Nikajiambia filamu ni filamu tu.

Kwenye kioo mwanamke alifungua sanduku akaanza kupanga nguo. Ildephonse alitaka watu washikilie pumzi, na kilichokuwa karibu na ulimi wake kikatoka.

"Muangalie huyu muke, iko na akili. Haondoke na sanduku, hapana. Leo viatu vya mutoto, kesho kitenge, chini ya gunia ya viazi. Mutoto amekwisha fika Goma. Kesho mama pia anavuka. Na bwana? Bwana iko nakula tu."

Banda zima likacheka. Twagirimana alisimama, kivuli chake kikapita kwenye kioo, na hapo Ildephonse akamwona. Alinyamaza. Nilimwona akimtambua, nikaona uso wake unavyolegea. Mume akatoka.

"Endelea, mwalimu," watu wakasema.

Naye akaendelea. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

Hazikupita dakika nyingi, yowe likapasua banda. Watu wakapiga makofi, mmoja akasema leo Ildephonse amezidi. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa, na kipaza sauti kilikuwa kimelala gotini. Yowe la pili likaja kupitia mbao, kisha kishindo, kisha la tatu lililokatikia katikati.

"Si yeye," nikasema. "Ni Murekatete."

Ildephonse aliruka chumbani. Nikamfuata, na nilichokikuta kilinitia hasira ambayo sijawahi kuipata tena maishani. Alikuwa kwenye tundu. Mwanamke anauawa, naye amebandika jicho. Nikampiga kofi la kisogo, paji la uso likagonga ubao.

Sijui kofi hilo lilifungua nini. Alirudi nyuma hatua mbili akaupiga ukuta teke, mara ya kwanza, mara ya pili, mbao zikavunjika, akapita na misumari ikimchana mabega.

Viazi vilikuwa vimetapakaa uani, vingine vyekundu. Twagirimana alikuwa na mpini wa jembe. Murekatete amelala ubavu, taya limekwenda upande, anajikinga kwa mkono ambao vidole vyake havikukaa tena inavyopaswa. Mpini ulikuwa unapanda kwa mara nyingine Ildephonse alipomrukia mume, akamng'ata sikio, akamnyang'anya mpini, akampiga nao goti mpaka tukasikia mfupa ukivunjika. Kisha hakuacha. Yule asiyechinja kuku alipiga goti, akapiga mbavu, akapiga mikono iliyokuwa ikiomba. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali, akaniburuta.

Nilipogeuka kuomba msaada, niliwaona watu wa bandani. Walikuwa wameingia kwa tundu jipya, wamejipanga kando ya ukuta. Wa nyuma walikuwa wameleta benchi, wamepanda juu yake ili waone.

Murekatete hakufa. Mumewe alilazwa chini ya ulinzi, kisha akapelekwa mahabusu akichechemea. Siku ya tatu Ildephonse alipika uji, tukaenda hospitali. Alisimama kando ya kitanda akamweleza yote bila kujipunguzia: tundu, miezi minne, maneno aliyoyasema Jumapili. Alikuwa akilia. Murekatete alisikiliza, taya limefungwa bandeji, kisha akasema polepole kupitia meno.

"Ulikuwa unaona siku zote?"

"Siku zote."

"Na we, Kayitesi?"

"Niliona mara moja," nikasema. "Na nilijua zilizobaki."

Aliusukuma uji kando kwa mkono mzima.

"Miaka yote ile mi sikulia," akasema. "Nilizani hakuna mutu. Nilisema, nikilia, nalilia nani? Kumbe muko pale, nyuma ya ubao. Ningejua, ningebaita."

Ildephonse alipiga magoti. Murekatete akageuza uso ukutani.

"Mutoke," akasema. "Sitaki kuangaliwa."

Tukatoka. Mlangoni Ildephonse alitaka kugeuka amtazame mara ya mwisho. Nikamshika shingo, nikamwelekeza mbele.