Komeo na Akaunti ya Mkwewe

Kazini walimwita Komeo, na jina lilimkaa. Hata mkuu wa chuo alipotaka kuongezewa programu kwenye kompyuta yake, Komeo alimtaka kwanza ajaze fomu. Miaka tisa alikuwa mlinzi wa seva, kompyuta kuu za chuo, na hakuchoka kutamba kwamba wenye mamlaka yote humo ni wawili tu, yeye na msaidizi wake.

Basi mafaili ya wanafunzi mia mbili yalipofutika, alinyoosha kidole upesi. Mchapaji wa masjala, alisema, ana kiherehere cha kubonyezabonyeza. Hakuangalia kumbukumbu za seva. Nyani haoni kundule. Mama wa watu akasimamishwa kazi, akaondoka na kikombe chake cha chai ndani ya mfuko wa nailoni.

Wiki mbili baadaye ukaja ukaguzi. Mkaguzi, dada mpole asiye na haraka, alimwomba Komeo mbele ya mkuu afungue orodha ya wenye mamlaka yote. Majina yalikuwa matatu. La tatu lilikuwa la msimamizi wa masjala, mama mkwe wake Komeo, na mafaili yalikuwa yamefutwa kwa akaunti hiyo.

Komeo alikumbuka siku mama mkwe alipolalamika kwamba kompyuta inamkatalia kila anachotaka kufanya. Kumwambia mkwe ajaze fomu, ulimi uligoma. Alimfungulia kila kitu, macho chini, akajiahidi kufunga Jumatatu. Jumatatu zikapita, akasahau.

Mkuu aliuliza nani aliyempa mamlaka hayo. Msaidizi hakuwepo, na kumtwika lawama kungekuwa rahisi. Komeo aliona kwamba hata hilo limempitia kichwani, akazidi kujichukia.

"Ni mimi," alisema. "Na mchapaji nilimsingizia."

Jioni alikwenda mwenyewe kwa mchapaji na barua ya kumrudisha kazini. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, bila kuficha habari ya mkwe. Mama yule aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja.

"Mimi na mkweo tulianza kazi mwaka mmoja," alisema. "Yeye ulimwonea haya hata kumpa fomu. Mimi hukuona haya kuniita mharibifu?"