Shefu Hajafika

Dokta Mwamini alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na sheria moja ya garde, zamu ya hospitalini. Daktari aliyekuwa bado anasomea magonjwa ya akili, akishika zamu peke yake, aliruhusiwa kumlaza mgonjwa. Kumruhusu atoke, hapana. Hilo lilikuwa la shefu, daktari mkuu, akija kupita vitandani kukagua wagonjwa. "Yaani kufunga mlango ninaaminika, kuufungua ndiyo siaminiki!" alizoea kulalamika, na wauguzi wa hospitali ya Rumonge wakamcheka, maana kila aliyeletwa pale kutoka Bujumbura kujifunza aliimba wimbo huo huo.

Kisha vita vikaivuruga garde yenyewe. Zamani mtu alishika mwisho wa juma, Jumatatu akapokelewa na mwenzake. Sasa magari yakivamiwa upande wa Kabezi barabara ya Bujumbura inafungwa, na wa kukupokea anabaki huko huko mjini. Mwamini alikuwa ameshika mpaka nguo safi zikamwishia. Huko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa mama yake, alimwacha mtoto anayenyonya, na kila alipomkumbuka alijificha stoo ya dawa akalia. Nani asingelia?

Jumapili, watu wakitoka misa, askari walimleta Lukeba, mvuvi wa Magara, Mkongomani wa Kivu. Walimkuta kando ya barabara, pale pale palipovamiwa gari, hana viatu, hasemi neno.

"Uyu anajifanya tu, dokta," alisema kaporali wao. "Iko mwasi. Mupime. Kama iko muzima, tunaenda naye."

Kila mtu pale alijua wanaoenda nao huwa hawarudi. Mwamini aliuinua mkono wa mgonjwa, akauachia. Ukabaki hewani vile vile alivyouweka. Ugonjwa huo wa akili unaomgandisha mtu mwili, alikuwa ameusoma vitabuni tu.  Akamlaza, akamchoma sindano. Kaporali naye akaweka askari langoni.

Jumanne Lukeba akaomba maji. Kesho yake akala ugali, akasimulia kwa kusitasita: alikuwa garini na mke wake, Bora, risasi zikaanza. Bora hakuinuka tena. Baada ya hapo hakumbuki kitu.

"Nimepona, dokta?" akauliza. "Nataka niende nikamuzike."

 Mtu huyu alikuwa amepona kiasi cha kuuawa.

Kaporali hakuwa mjinga. "Naona anakula. Mupe ruhusa, basi."

"Mimi niko wa garde tu, afande. Nalaza, sitoi. Mpaka shefu afike."

Aliitamka sheria ile kwa mapenzi, kama aliyeitunga yeye. Kilichobaki ni kuomba siku zipite, kwani kikosi cha kaporali kilikuwa karibu kubadilishwa, na askari wageni wasingekuwa na habari na Lukeba.

Kumbe dua yake ya zamani, ya kupokelewa zamu, ilitangulia kujibiwa. Ijumaa barabara ilifunguliwa, msafara ukaingia, na Shefu Darius akashuka garini na katoni ya dawa. Mzee huyo alikuwa mkali, wanafunzi walimwogopa kuliko mitihani. Mwamini, aliyemngoja kwa hamu siku zote hizo, alimkimbilia akamnong'oneza mambo yote.

Darius aliwatazama askari, kisha akamtazama yeye.

"Gari linarudi Bujumbura sasa hivi, na nafasi yako ipo. Lakini nikikupokea, nitakuwa nimefika. Na nikifika, lazima nipite vitandani, na aliyepona nimruhusu."

Mwamini alimwona mtoto wake kana kwamba yuko pale, anapapasa kifua cha bibi yake. 

"Basi usifike, shefu."

Mzee alimkabidhi katoni, akamshika bega kidogo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akarudi garini. Kaporali alikuja mbio.

"Yule si shefu wenu?"

"Yule? Ameleta dawa tu. Shefu hajafika."

Wodini, Lukeba alikuwa amekaa kitandani, shati amelifunga vifungo vyote, tayari kwa safari.

"Nimesikia gari, dokta. Natoka?"

"Bado, kaka. Tutangoja kidogo."

"Na Bora, nani atamuzika?"

 Mwamini aliketi ukingoni mwa kitanda, akausikia msafara ukiondoka, na safari hii hakwenda stoo. Walilia wote wawili, daktari na mgonjwa, mbele za watu.